Barua, Njia na Benchi: Vijana wa Miaka ya 1960 katika Riwaya za Kezilahabi mbele ya Msomaji wa Leo

Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, ambaye hajui maisha bila simu mfukoni, anapoifungua Rosa Mistika hukutana na vijana wa rika lake wanaoishi katika dunia ambayo kwake ni kama nchi ya kigeni. Wanaandikiana barua. Wanavuka ziwa kwenda shuleni, na tangu wanapopanda chomboni hadi likizo wazazi hawawaoni wala hawawasikii. Habari, njema na mbaya, hufika zikiwa zimekwisha kupoa. Swali linalomjia mwanafunzi huyo upesi ni jepesi, lakini si la kudharauliwa: je, kama Rosa angekuwa na simu, hadithi hii ingekuwapo?

Majibu mawili huwa tayari midomoni mwa watu. La kwanza ni la huruma: maskini vijana wale, walikosa chombo cha kuwaokoa. La pili ni la matamanio, na hili hutoka zaidi kwa wazee: heri vijana wale, waliandika barua kwa mkono na kwa moyo, walikuwa na subira, hawakupotezwa na vioo vinavyong'aa usiku kucha. Majibu haya yanapingana, lakini yana kosa moja. Yote mawili yanakitazama kifaa kisichokuwapo, badala ya kuvitazama vile vilivyokuwapo. Kezilahabi hakuandika juu ya ukosefu wa simu. Aliandika juu ya baba, mwalimu, mkuu wa wilaya na mchumba, na juu ya njia ambazo neno lilipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, likikamatwa hapa na kupotoshwa pale.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, na alifariki mwaka 2020. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu alipokuwa akiiandika riwaya ya kwanza, na vijana anaowasimulia walikuwa rika lake au wadogo zake kidogo. Jambo hili lina uzito mkubwa katika fani kuliko wahakiki wengi walivyokubali. Mwandishi anayeandika wakati wake mwenyewe haelezi vyombo vya wakati wake. Hakuna sababu ya kumwambia msomaji wa mwaka 1971 kwamba kijijini hapakuwa na umeme, kwamba barua ilipitia kwa watu wengi kabla ya kufika, au kwamba mtu aliyetaka kumwona ofisa alikaa nje akangoja aitwe. Msomaji yule alikuwa ametoka kwenye benchi hilo hilo asubuhi. Kwa hiyo taa, barua, baiskeli na chombo cha majini hupita katika sentensi bila kusimamishwa, kama mtu wa nyumbani anavyopita sebuleni bila kubisha hodi. Ni msomaji wa leo anayevisimamisha. Kinachoonekana kwake kuwa ni mandhari ya kale, kwa mwandishi kilikuwa hewa tu.

Mwanzoni mwa Rosa Mistika kuna barua. Kijana Charles amemwandikia Rosa, na pamoja na barua kuna fedha kidogo. Baba yake, Zakaria, anayajua mambo hayo, na kipigo kinachofuata ni miongoni mwa matukio yanayobaki katika kumbukumbu ya kila aliyeisoma riwaya hiyo. Wahakiki wamezoea kulitia tukio hili chini ya kichwa cha malezi: ukali wa baba unamharibu binti, kwa kuwa anayefungiwa sana siku akifunguliwa hajui kutembea. Usomaji huo ni wa kweli, na mwandishi mwenyewe ameuandalia njia. Lakini linapotazamwa tukio kama tukio, kabla ya kugeuzwa dhamira, kinachoonekana kwanza ni karatasi. Barua ni kitu. Ina uzito, ina mwandiko wa mtu anayejulikana, inashikika, inafichika, na kwa hiyo inapatikana. Neno ambalo Charles angemwambia Rosa njiani kisimani lingeyeyuka. Neno alilolikabidhi karatasi limekuwa ushahidi, na fedha iliyoandamana nalo imekuwa kama bei. Zakaria hampigi binti kwa maneno aliyoyasema, maana Rosa hajasema neno. Anampiga kwa maneno aliyoandikiwa.

Hapa msomaji kijana asidanganyike kwamba yuko mbali sana. Ujumbe wa simu nao hukamatwa, husomwa na baba, na mume, na rafiki mwenye kijicho. Tofauti iko mahali pengine. Barua ilikuwa na safari, na katika safari hiyo walikuwamo watu. Aliyetumwa aliijua. Aliyeipokea kwa niaba aliitazama bahasha. Katika shule nyingi za misheni mkuu wa shule alizifungua barua za wanafunzi kabla ya wenyewe kuziona, na hakuna aliyeona ajabu. Faragha ya kijana wa miaka ya 1960, basi, haikuwa ile inayosifiwa na wenye kutamani zamani. Mapenzi yake yalipita mikononi mwa kijiji kizima. Kilichokuwa siri kwa kweli kilikuwa kile kisichoandikwa, na katika riwaya hii mambo yanayomwangamiza Rosa hayakuandikwa.

Hii ndiyo nguvu ya umbali katika Rosa Mistika, na inastahili kusomwa polepole. Ukerewe ni kisiwa. Kutoka huko hadi Mwanza kuna maji, na kutoka Mwanza hadi Morogoro, ambako Rosa anakwenda baadaye kusomea ualimu, kuna nchi nzima ya kuvuka. Zakaria, ambaye kijijini aliweza kuikamata barua moja, hawezi kuiona hata siku moja ya maisha ya binti yake ng'ambo ya ziwa. Ulinzi wake wote ulitegemea jicho, na jicho lina mwisho wake. Anachokipata kutoka mbali ni kimya, naye hukichukua kimya kama habari njema. Mwandishi ametumia hali ya kawaida kabisa ya wakati wake, kwamba mzazi wa mwanafunzi wa bweni hakujua kitu hadi likizo, na kuifanya uti wa mgongo wa tanzia. Msomaji anajua yanayotokea Mwanza na Morogoro, Zakaria hajui, na kati yao kuna ziwa. Riwaya ingeandikwa leo, ziwa hilo lingehitaji badala yake. Mwandishi angelazimika kubuni simu iliyozimika, au binti mwenye kudanganya kwa ujumbe kila jioni kwamba yuko salama. Hilo la pili lingekuwa riwaya nyingine, na pengine ya kutisha zaidi.

Ipo dosari, na haifai kuifunika. Kezilahabi anapoutumia umbali namna hii huvuka kwa haraka mno yale ambayo umbali wenyewe ungezaa. Rosa yuko bwenini miezi mingi. Mtu angetazamia kumwona akiandika: akiandikia mama yake Regina, akichana, akianza upya, akitafuta maneno ya kusema jambo bila kulisema. Siku za kijana wa bweni zilijaa uandishi wa namna hiyo, na hapo ndipo mawazo ya mhusika yangepatikana bila mwandishi kuyahubiri. Badala yake riwaya inakimbilia tukio linalofuata. Rosa anakuwa mtu wa kutendewa, kisha mtu wa kutenda kwa hasira, na mara chache mno mtu wa kukaa na kuwaza. Yaelekea hamu ya kuonyesha matokeo ya malezi mabaya ilimfanya mwandishi kijana asiwe na subira na saa zisizo na tukio. Miaka michache baadaye alijifunza kuzitumia saa hizo.

Ushahidi uko mwanzoni mwa Kichwamaji. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amefika katika ofisi ya mkuu wa wilaya kumwona Manase, kijana mwenzake waliyesoma pamoja. Anangojeshwa. Wasomaji wengi huliona hili kuwa ni utangulizi tu, jambo la kuvukwa ili kufikia hadithi ya Kalia, ya Rukia na ya Sabina. Lakini riwaya imekwisha kuanza. Vijana wawili waliokaa dawati moja sasa wametenganishwa na mlango, mmoja akiwa ndani na mwingine kwenye kiti cha wageni, na kilicho kati yao ni muda. Hakuna ziwa hapa. Manase yuko hatua chache, sauti yake pengine ingesikika. Kwa hiyo anayesema kwamba vijana wa zamani walisubiri kwa sababu hawakuwa na vyombo vya kuwaunganisha ameshindwa kuusoma ukurasa wa kwanza. Kazimoto anasubiri kwa sababu mwenzake amepata cheo. Kungoja ni ushuru anaotozwa raia na dola changa ya baada ya uhuru, nao wasomi ndio watoza ushuru. Mwandishi amelionyesha hilo bila kulitamka.

Tena kungoja huko kunazaa kitu. Mtu aliyekaa bila la kufanya hutazama: watu wanaoingia na kutoka, namna karani anavyobadili sauti kwa mmoja na kwa mwingine, mikono yake mwenyewe. Sauti ya Kazimoto, ile sauti kavu yenye dhihaka inayoitofautisha Kichwamaji na riwaya zote za Kiswahili zilizoitangulia, ni sauti ya mtu aliyepewa muda mrefu wa kukaa na nafsi yake bila kuutaka. Falsafa yake ya ukinzani, ambayo wahakiki wamezoea kuitafutia asili kwa Camus na kwa waandishi wengine wa Ulaya, ina chimbuko jingine lililo karibu zaidi: vitabu alivyosoma chuoni, ndiyo, lakini pia alasiri ndefu za likizo kijijini, ambako kijana msomi hana kazi, hana gazeti, hana wa kujibizana naye isipokuwa wazee wanaotaka kujua kama ni kweli kwamba waliosoma hawamwamini Mungu. Mabishano hayo ya ana kwa ana ni miongoni mwa sehemu bora za riwaya. Mzee hawezi kufungwa kwa kidole kama mtu anavyoufunga ukurasa asioupenda. Yupo, amekaa, anasubiri jibu, na kesho atakutwa tena njiani.

Wale wanaotamani zamani watalichukua hili kuwa ushindi wao. Si ushindi. Alasiri hizo hizo zinamwongoza Kazimoto kwenye kujiua. Muda mtupu unaomzalia mawazo ndio unaomkaba, na kijiji kinachojua kila kitu hakijui kilichomo ndani yake. Tena muda huo ni wa mwanamume. Rukia, dada yake, aliyeharibiwa na Manase na kufa, hapati katika riwaya hata robo ya nafasi anayopata kaka yake kukaa na kuwaza. Kazi za msichana nyumbani hazikuwa na benchi. Maji, kuni, moto na jembe vilikuwa teknolojia ya mchana kutwa, na kijana wa kike aliyeishi bila mashine hakupewa uvivu wa kifalsafa bali mgongo unaouma. Riwaya inalijua hili kwa pembeni, lakini kwa kuwa imefungwa ndani ya nafsi ya kwanza ya Kazimoto, haina namna ya kuingia jikoni.

Inafaa hapa kumtazama mwandishi aliyefuata njia nyingine. Shafi Adam Shafi alitoa Vuta N'kuvute mwaka 1999, akisimulia Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Bwana Raza, anatoroka ndoa hiyo na kuingia katika maisha ya Ng'ambo, kwa Mwajuma, na katika mapenzi na Denge, kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na polisi wa Kiingereza. Shafi, aliyezaliwa mwaka 1940, anatazama nyuma kwa umbali wa miaka arobaini na zaidi, na umbali huo unaonekana katika sentensi zake. Anakaa na vitu. Mitaa ina majina na harufu, nyumba zina vyombo, mwendo wa mtu gizani unapimwa hatua kwa hatua. Kile ambacho kwa Kezilahabi ni hewa, kwa Shafi ni kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda kushika vitu.

Lakini Shafi anasaidia pia kulisahihisha neno lenyewe. Ni kosa kusema kwamba vijana wa Vuta N'kuvute wanaishi bila teknolojia ya kisasa. Makaratasi ya siasa yanayoingizwa kwa siri na kugawiwa usiku yalikuwa teknolojia ya kisasa kabisa, na serikali ya kikoloni iliyaogopa kwa sababu hiyo. Inspekta Wright na Koplo Matata wana vyombo vyao, Denge na wenzake wana vyao, na mvutano unaoipa riwaya jina lake ni pamoja na mvutano wa nani atafikisha neno kabla ya mwenzake. Anayekamatwa na karatasi anakamatwa kama Rosa alivyokamatwa na barua. Tofauti ni kwamba Denge anajua thamani ya karatasi na amejifunza kuificha, kwa hiyo msomaji hamhurumii, anamwogopea.

Filamu iliyotokana na riwaya hii, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, imewapa vijana wa leo kazi ya kuuvaa ujana wa miaka ya 1950 kwa miili yao. Waigizaji waliozaliwa katika zama za simu wanatembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe kana kwamba hakuna simu, na wanatembea vizuri: filamu inajua kwamba mtu asiye na kifaa mkononi huinua kichwa. Inatoa pia somo la hatari. Kamera inapenda mwanga wa taa ukutani, inapenda kitambaa na moshi, na kuna nyakati ambapo uzuri huo unataka kumwambia mtazamaji kwamba utawala wa Mwingereza ulikuwa kipindi cha rangi nzuri. Riwaya ya Shafi, pamoja na kupenda vitu kwake, haimwachi msomaji asahau kwamba gizani kuna polisi.

Msomaji wa Lubumbashi ana faida asiyokuwa nayo msomaji wa Ulaya anapozisoma riwaya hizi. Kwake dunia ile si ya kale kabisa. Umeme ukikatika Katuba jioni, na hukatika mara kwa mara, betri ya simu ikafa, yeye hurudi kwa saa kadhaa katika maisha ya Kazimoto: mshumaa, sauti za jirani, mazungumzo marefu. Wazazi wake wanakumbuka zaidi ya hapo. Zaire ya miaka ya 1980 ilikuwa na mtandao wa simu za waya uliokwisha kuoza. Telecel, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilileta simu za mkononi mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, lakini kwa vigogo na matajiri. Wananchi wa kawaida waliifuata fonie. Mtu alikwenda kwenye kibanda cha redio ya mawimbi mafupi, akapanga foleni, akalipia dakika, kisha akamweleza ndugu yake wa Mbuji-Mayi au wa Kinshasa habari ya kifo, ya ndoa au ya deni, huku waliokuwa nyuma yake wakisikia kila neno. Ni kinyume kamili cha barua ya Charles. Barua ilikuwa siri iliyoweza kufichuliwa, fonie haikuwa siri tangu mwanzo. Watu walijifunza kusema kwa mafumbo, na Kiswahili cha mji huu kilipata humo methali na majina ya kuzungusha ambayo mwanaisimu angefanya vizuri kuyakusanya.

Na kuna upande usiopendeza hata kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa katika kampasi yao wenyewe. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kupiga picha mfukoni, hakuna aliyeweza kupeleka sauti nje ya uzio saa ile ile. Habari ilitoka kwa miguu, mdomo kwa mdomo, pamoja na waliokimbia, ikaandikwa kwanza na magazeti ya ng'ambo. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Anayesifu utulivu wa zama zisizo na simu mbele ya wanafunzi wa chuo hiki hana budi kuutia usiku huo katika hesabu yake. Kimya alichokipokea Zakaria kutoka Mwanza na kimya kilichoizunguka kampasi vilijengwa kwa vitu vile vile: umbali, giza, na mtu mwenye mamlaka anayefaidika kwa kutojulikana.

Fasihi ya Kiswahili ya Kongo imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kuandika maisha ya kila siku ya miongo iliyopita. Andiko la André Yav la mwaka 1965 juu ya mji wa Elisabethville, lililoandikwa kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu na kuchapishwa tena na Johannes Fabian mwaka 1990, limejaa maisha ya jikoni na uani ambayo hakuna riwaya ya pwani iliyoyafikia. Yav hakuwa na haja ya kupamba. Aliwaandikia watu waliokuwapo, kwa lugha waliyoisema, kama Kezilahabi alivyowaandikia waliotoka kwenye benchi. Waliopanga foleni ya fonie wangali hai Kamalondo, Kenya na Katuba. Wanakumbuka bei ya dakika, jina la mwendesha redio, na maneno waliyoyatumia kumwambia mtu aliye mbali kwamba mama amefariki, bila kuwaliza wageni waliokuwa wakisikiliza.